Mota inachonga, dawa inaosha: jinsi mfereji wa mzizi wa jino unavyotibiwa siku hizi

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za asubuhi. Nimeombwa niongelee zile faili za kuzunguka, vile visindano vyenye makali tunavyofunga kwenye mota na kuchongea mifereji ya mizizi ya meno, na nimefurahi kuona humu ndani watu wamechanganyika, kuna wanafunzi wa meno, kuna matabibu wa meno ambao mko kazini siku nyingi, na kuna wazazi na wagonjwa mliokuja tu kusikiliza kwa sababu mmeshaambiwa jino lenu linahitaji ruti kanali, yaani kusafishwa na kuzibwa mfereji wa mzizi, mkashtuka, wengine bei imewashtua, wengine mashine. Nitajitahidi tuelewane wote. Nikitaja neno gumu mtu anyooshe mkono palepale, asisubiri mwisho.

Nataka twende na jino moja tu leo, gego la kwanza la chini. Nalichagua kwa sababu ndilo linaloteseka zaidi. Linaota mtoto akiwa na miaka kama 6, linaota kimyakimya nyuma ya magego ya utoto, halisukumi jino lolote litoke, kwahiyo mzazi anajua kabisa hilo ni jino la utoto. Likianza kutoboka anasema liacheni litang'oka lenyewe lingine litaota. Halitaota lingine jamani. Hilo ndo la kudumu, ndo la kutafunia mpaka uzeeni, na mtoto akifika sekondari shimo limeshafika kwenye kiini, ile nyama laini yenye mishipa ndani ya jino, usiku halali, shavu limevimba, na nyumbani wanasema mdudu amekula jino.

Mdudu hayupo. Kuna bakteria, na bakteria ndo kesi nzima. Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walichukua panya waliolelewa bila kijidudu chochote mwilini wakawatoboa meno mpaka kiini kikawa wazi, chakula kinaingia, kila kitu kinaingia, na wale panya viini vyao havikufa, vikaanza hata kujijengea ukuta wa dentini, ile sehemu ngumu ya jino inayozunguka kiini, juu ya tundu. Panya wa kawaida, wenye vijidudu mdomoni, waliotobolewa vilevile, viini vikaoza na majipu yakatokea kwenye ncha za mizizi. Yaani tundu peke yake haliui, kinachoua ni wale wanaopita kwenye tundu. Nawaomba mlishike hilo kwa sababu kila nitakachosema kuhusu mota na faili kinarudi hapo, kazi yetu ni kuwatoa bakteria na mabaki ya kiini kilichooza kutoka ndani ya mzizi halafu tuzibe wasirudi.

Sasa wanakaa wapi? Gego hili kwa kawaida lina mizizi miwili, wa mbele na wa nyuma, na urefu wa jino lote kutoka juu mpaka ncha ya mzizi ni kama milimita 21 hivi, linatofautiana mtu na mtu. Mzizi wa mbele mara nyingi una mifereji miwili myembamba, wa nyuma una mmoja mpana, bapa, au wakati mwingine miwili. Na ule mzizi wa mbele haushuki wima, unapinda kuelekea nyuma, na mifereji yake inapinda nao, tena mara nyingi inapinda pande mbili kwa wakati mmoja, na eksirei inakuonyesha upande mmoja tu. Kati ya ile mifereji miwili kuna mwanya mwembamba unaoiunganisha, na humo napo bakteria wanakaa. Halafu upande wa ndani wa mzizi huo, ule unaotazama mzizi mwenzake, ukuta wa dentini ni mwembamba sana, karibu milimita 1, kuna watu wana chini ya hapo. Ukichonga kwa pupa upande huo unatoboa, na ukishatoboa hapo habari ya jino hilo inakuwa ngumu.

Watu wanahangaika na mifereji hii tangu zamani. Edward Maynard wa Marekani anatajwa kuwa mwaka 1838 alichonga kifaa cha kusafishia mfereji kutoka kwenye springi ya saa. Na wazo la kutumia mashine sio la juzi, William Rollins alitengeneza kishikio cha kuzungusha sindano ndani ya mfereji mwaka 1889, akaweka mwendo usizidi mizunguko 100 kwa dakika kwa sababu vyuma vilikuwa vinakatika. Mnaona, shida ya mwaka 1889 ndo hiyohiyo tunayoipigania leo, kukatika. Baadaye miaka ya 1960 ikaja mashine inaitwa Giromatic, inageuza faili robo mzunguko inarudi, robo inarudi, lakini faili ilikuwa ya chuma kilekile kigumu.

Na chuma kigumu ndo tatizo. Faili nyembamba ya chuma cha pua, namba 8 au 10, inapinda vizuri tu, inafuata kona bila shida. Lakini kadiri unavyopanda namba unene unaongezeka na faili inakuwa ngumu, na faili ngumu ndani ya mfereji uliopinda inataka kunyooka. Ikitaka kunyooka inakula ukuta wa nje wa kona kule chini, na ukuta wa ndani kule katikati, wewe juu unaona tu inashuka na kupanda unajiona unafanya kazi, kumbe kule chini unachimba njia yako mwenyewe pembeni ya njia ya asili. Inatokea ngazi, faili inagota hapo haishuki tena, na chini ya hiyo ngazi kuna milimita mbili tatu za uozo hujazigusa na hutozigusa tena. Mgonjwa anarudi baada ya miezi, anasema dokta jino uliloniua mshipa linauma.

Kilichobadilisha mambo ni mchanganyiko wa nikeli na titani. Historia yake inanifurahisha kwa sababu haikuanzia kwenye meno kabisa. Mwaka 1959 William Buehler alikuwa kwenye maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani anatafuta metali ya kuhimili joto, akaangukia huu mchanganyiko, nikeli kama asilimia 55 ya uzito na titani iliyobaki. Baadaye wakagundua ukiukunja halafu ukaupasha moto unarudi kwenye umbo lake. Miaka ya 1970 mwanzoni wenzetu wa kunyoosha meno, chini ya George Andreasen wa Iowa, wakauchukua kutengenezea waya za breszi. Halafu mwaka 1988 Walia, Brantley na Gerstein wakachukua ileile waya ya breszi wakaichonga kuwa faili namba 15 wakaipima, wakakuta inapinda mara mbili mpaka tatu zaidi ya ya chuma cha pua na bado inarudi, na inastahimili kusokotwa kuliko ya chuma. Miaka michache tu baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu kina John McSpadden na Ben Johnson wakazifunga kwenye mota, na tangu hapo mlango ukafunguka.

Kwanini inapinda hivyo? Ndani ya metali hii atomu zimejipanga kwa namna moja ikiwa imetulia, ukiikunja zinahama kujipanga namna nyingine, ukiachia zinarudi. Chuma cha pua ukikivuta zaidi ya asilimia 1 hivi ya urefu wake kinabaki kimeharibika umbo, huu mchanganyiko unaweza kuvutwa mpaka kama asilimia 8 ukarudi ulivyokuwa. Kwahiyo faili inaweza kuzunguka mzunguko kamili, nyuzi 360, tena na tena, ndani ya mfereji uliopinda, huku ikibaki katikati ya mfereji badala ya kuusukuma ukuta mmoja. Hiyo ndo faida yake kubwa kuliko zote. Watu husema mota ni kwa ajili ya kuwahi, ni kweli inawahisha, lakini mimi ningekuwa na mgonjwa mmoja tu siku nzima bado ningetumia mota kwenye mfereji uliopinda, kwa sababu ya kubaki katikati.

Sasa tuje kwenye namba, na wazazi msikimbie, hizi ni hesabu za kujumlisha tu. Faili ya kawaida ya mkono ina namba, na namba ni unene wa ncha kwa sehemu ya mia ya milimita. Namba 10 ina ncha ya milimita 0.10, kishikio chake zambarau. Namba 15 nyeupe, 20 njano, 25 nyekundu, 30 bluu. Sehemu inayokata ina urefu wa milimita 16, na kila milimita ukipanda kutoka kwenye ncha unene unaongezeka 0.02, ndo tunaita mchongoko wa asilimia 2. Kwahiyo namba 25 ya mkono kwenye ncha ni 0.25, milimita 16 juu ni 0.57. Faili za mota nyingi zina mchongoko mkubwa zaidi, asilimia 4, asilimia 6, na nyingine kama ProTaper iliyotoka mwaka 2001 mchongoko unabadilika njiani kwenye faili hiyohiyo moja.

Unaweza kuuliza, mchongoko una umuhimu gani? Hapa ndo nataka tutulie kidogo.

Faili haisafishi mfereji. Naomba nirudie kwa sababu kuna watu wanamaliza shule hawajaamini hivyo. Faili inachonga, dawa ndo inaosha. Mwaka 2001 Ove Peters na wenzake walipiga picha za skana ndogo kabla na baada ya kuchonga mifereji kwa faili za nikeli titani, aina mbalimbali, wakakuta asilimia 35 na zaidi ya ukuta wa mfereji haikuguswa na faili kabisa. Asilimia 35! Hapo mikono ni ya mtu anayejua kazi, jino liko mezani. Mfereji wa nyuma wa gego letu ni bapa, faili ni ya duara, duara haliwezi kufika kwenye pembe za kitu bapa, na ule mwanya wa kuunganisha mifereji ya mbele ndo kabisa hakuna chuma kitakachoingia. Anayefika huko ni dawa peke yake, yaani haipokloraiti ya sodiamu, hiyohiyo kemikali iliyomo kwenye Jik ya kufulia, ila kliniki tunatumia iliyopimwa, kati ya asilimia 0.5 na kama 6 kutegemea daktari, sio ile yenye manukato. Inayeyusha nyama iliyokufa na inaua bakteria. Lakini unajua ukitaka kuosha ndani ya chupa yenye shingo nyembamba, maji unayomwaga yanaishia shingoni, chini panabaki vilevile. Mfereji mwembamba ndo hivyohivyo, usipoufungua dawa inaishia juu.

Sasa piga hesabu na mimi. Sindano ya kuoshea tunayoitaka ni ile nyembamba ya geji 30, imezibwa mbele ina tundu ubavuni, unene wake kwa nje ni kama milimita 0.3. Tunataka ifike milimita 2 hivi kabla ya mwisho wa mfereji. Umechonga kwa faili namba 25 yenye mchongoko wa asilimia 2: pale milimita 2 juu ya ncha upana ni 0.25 ukijumlisha 0.04, yaani 0.29. Sindano haipiti. Au inapita kwa kubana, na ikibana ni hatari, maana dawa haina pa kurudia, inasukumwa nje ya ncha ya mzizi na mgonjwa anavimba uso na kupata maumivu makali palepale kwenye kiti. Sasa chukua namba 25 hiyohiyo yenye mchongoko wa asilimia 6: 0.25 ukijumlisha 0.12, unapata 0.37. Sindano inashuka, inacheza, dawa inatoka ubavuni inazunguka na kurudi juu na uchafu wake. Tofauti ni 0.08 ya milimita, huioni kwa macho, lakini ndo tofauti ya mfereji uliooshwa na usiooshwa. Herbert Schilder aliandika mwaka 1974 kwamba mfereji uwe umbo linalopungua taratibu kuelekea kwenye ncha, tundu la mwisho libaki dogo na libaki mahali pake. Mota imetupa njia rahisi ya kulipata umbo hilo.

Lakini msiende mbali mkasema basi tupanue zaidi, asilimia 8, asilimia 10. Hapana. Kila unachochonga ni dentini ya mgonjwa, hairudi, na jino lililokondeshwa sana linapasuka siku moja anatafuna tu mahindi. Zile faili za zamani zilizokuwa zinakula sana pale juu mwanzoni mwa mfereji zimepitwa, na mimi naunga mkono kabisa. Chonga mpaka sindano ifike na dawa ifanye kazi, halafu simama.

Haya, kiti. Mgonjwa ameshapata ganzi, jino limefunguliwa, mifereji imeonekana, na juu kuna mpira wa kutenga jino. Mpira huu ulianzishwa na Sanford Barnum mwaka 1864, na kuna kliniki leo bado wanafanya ruti kanali bila huo mpira, mate yanaingia, faili inaweza kudondoka kooni, dawa inachuruzika kwenye ulimi. Mgonjwa ukiona hujawekewa, uliza. Una haki ya kuuliza.

Kitu cha kwanza kuingia kwenye mfereji sio mota. Ni faili ya mkono namba 10, ile ya zambarau, ncha yake nimeikunja kidogo tu, na ina kile kiduara cha mpira kwenye mwili wake cha kuwekea alama ya urefu. Naishika kwa vidole viwili, bila nguvu, naigeuza kidogo huku, kidogo kule, nasubiri mfereji uniambie unapinda wapi. Kuna kale kahisia ka kushikwa, faili inakwama, unaivuta, kuna dawa ndani ya jino muda wote, unarudi tena inashuka nusu milimita zaidi. Hapo huwezi kuharakisha. Kifaa cha kupima urefu kinalia ncha ikikaribia tundu la mwisho wa mzizi, unapiga eksirei kuhakikisha, unasogeza kile kiduara cha mpira mpaka kwenye alama juu ya jino, unapima kwenye rula, tuseme milimita 20 na nusu. Halafu namba 10 hiyo inapanda na kushuka mpaka iwe huru kabisa, ikifuatiwa na 15 ya mkono au faili nyembamba ya mota ya kufungulia njia. Kama 10 haijawa huru, mota haiingii. Hiyo sio hiari.

Kwanini naikazia? Kwa sababu faili ya mota ikikutana na mfereji mwembamba kuliko ncha yake, ncha inashikwa wakati mota juu bado inazungusha. Inasokotwa inakatika. Hiyo ni namna ya kwanza ya kukatika. Mota nzuri ina kipimo cha nguvu ya msokoto, unaiweka kama mtengenezaji alivyoandika kwa faili ile, ikizidi inasimama au inarudi nyuma yenyewe na unasikia inalia, lakini isiwe ndo breki yako ya kila siku. Mwendo nao ni ulioandikwa, faili nyingi ziko kati ya mizunguko 250 na 350 kwa dakika, kuna zinazokwenda zaidi, soma karatasi ya kwenye boksi.

Namna ya pili ni kuchoka. Faili ikiwa inazunguka ndani ya kona, upande wake wa nje unavutwa na wa ndani unabanwa, nusu mzunguko baadaye wamebadilishana. Kwa mizunguko 300 kwa dakika, sekunde 10 tu umeshaivuta na kuibana mara 50 palepale kwenye kona. Nyufa ndogo zinaanza usizoziona. Ndo maana tunasema faili ya mota haikai mahali pamoja, inaingia ikiwa tayari inazunguka, inagusa kwa mwendo mfupi wa kushuka na kupanda, mara tatu nne, inatoka ikiwa bado inazunguka. Ukiitoa itazame. Makorongo yake yamejaa unga mweupe wa dentini, unyevunyevu, wakati mwingine na nyuzi za rangi ya kijivu za kiini kilichokufa. Ifute kwenye sponji, mwaga dawa, rudisha ile 10 uhakikishe njia bado iko wazi, ndo urudi na mota. Ukiacha unga ule ndani unaziba milimita za mwisho, unakuwa umejijengea ukuta wewe mwenyewe. Na ukisukuma faili ili ishuke, umeshakosea, faili nzuri kwenye njia nzuri inashuka kwa uzito mdogo tu wa mkono.

Kuna swali najua litaulizwa kuhusu zile faili za kwenda na kurudi. Mwaka 2008 Ghassan Yared alieleza namna ya kuchonga mfereji kwa faili moja ya mota, badala ya kuzunguka tu upande mmoja inakwenda pembe kubwa upande unaokata, inarudi pembe ndogo upande unaoachia, hivyo baada ya mizunguko kadhaa ya kwenda na kurudi imemaliza duara zima. Mwaka 2011 zikaja sokoni Reciproc na WaveOne kwa mtindo huo. Inapunguza ile hatari ya kusokotwa kwa sababu kabla ncha haijashikwa sana mota imeshaachia. Nazipenda, hasa kwa wanaoanza. Lakini nazo haziruki ile hatua ya mkono, na kwa kuwa faili ni moja na kazi inaisha mapema, wengine wanaosha kwa muda mfupi zaidi, na hapo umeiharibu faida yote. Muda uliookoa kwenye kuchonga upeleke kwenye kuosha. Mwishoni pia mwaga dawa nyingine, EDTA ya asilimia 17, kama dakika moja, iondoe ule utando wa unga uliobandikwa ukutani na faili, halafu dawa ile ya kwanza tena.

Na metali yenyewe imeendelea kuboreshwa kwa joto, tangu mwaka 2007 kumekuwa na waya zilizopashwa moto kwa namna maalumu, ndo hizo mnaona faili za rangi ya bluu na dhahabu, ni laini zaidi, unaweza kuikunja kabla hujaingiza, inasaidia sana kwa mgonjwa asiyeweza kufungua mdomo vizuri. Zile za nikeli titani za kawaida ukizikunja zinanyooka kabisa, na hapo kuna mtego: faili iliyochoka inaonekana nzima. Ya chuma cha pua inakuonya, makorongo yanafunguka, inapinda inabaki. Hii inaweza isikuonyeshe chochote, inakatika tu.

Kwahiyo tuongee ukweli kuhusu kurudia faili. Nyingi watengenezaji wameandika ni za matumizi ya mara moja, na kila mtu humu anajua huku kwetu zinarudiwa, kwa sababu boksi ni ghali na mgonjwa analipa kidogo. Nawaelewa. Ila mgonjwa wa tano hajui kwamba faili inayoingia mdomoni kwake imeshapita kwenye kona za wenzake wanne. Kama kliniki inarudia, basi iandike, kila faili ihesabiwe mifereji iliyopita, iliyopita kwenye kona kali itupwe siku hiyohiyo, na isiingie autoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kabla uchafu wote haujatoka kwenye makorongo yake, maana kuchemsha uchafu sio kuusafisha. Na mimi naona, hili ni langu, kliniki yenye pesa kidogo inunue kwanza mpira wa kutenga jino, sindano za tundu la ubavuni, kifaa cha kupima urefu na dawa ya kutosha, mota ifuate baadaye. Mtu mwenye hivyo vinne na faili za mkono anaokoa magego mengi kuliko mwenye mota ya kisasa anayeosha kwa matone mawili. Sisi Tanzania tunalijua hili, ile njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu bila umeme, ART, ilianzia hapahapa nchini kwetu katikati ya miaka ya 1980 ikasambaa duniani.

Ikitokea faili imekatika ndani, mwambie mgonjwa siku hiyohiyo, mwonyeshe eksirei. Jino halijafa kwa sababu hiyo. Kipande chenyewe hakina ugonjwa, kinachosumbua ni kama kimezuia kuosha milimita zilizobaki chini yake, kwahiyo inategemea kimekatika mwanzoni au mwishoni mwa kazi, na jino lilikuwa na jipu au halina. Wakati mwingine kinapitwa pembeni, wakati mwingine kinatolewa na mtaalamu mwenye darubini, wakati mwingine kinaachwa na jino linafuatiliwa. Asije akaligundua kwenye kliniki nyingine baada ya miaka miwili, kwa daktari mwingine.

Wazazi na wagonjwa, mama yangu pale mbele aliniuliza kabla hatujaanza kama inauma. Ganzi ikishika vizuri hausikii maumivu, unasikia mtetemo na sauti ya mota, ni ya chini kuliko ile ya kuchimbia jino. Siku mbili tatu baadaye jino linaweza kuuma ukitafuna, ni kawaida, dawa za kawaida za maumivu zinatosha. Ukivimba, au maumivu yakazidi badala ya kupungua, rudi haraka. Na usiondoke na kile kizibo cha muda ukakaa nacho miezi, kinavuja, na bakteria wanarudi kwenye mifereji ambayo daktari amekesha kuichonga. Mifereji ikishajazwa gutapacha, ule utomvu mgumu kama mpira wa kuzibia, gego lifunikwe vizuri juu, ikiwezekana kwa kofia ya jino, maana jino hili lina shimo kubwa tayari na linabeba nguvu ya kutafuna.

Na mwenye mtoto wa miaka 6 au 7, leo jioni mfungue mdomo umwangalie nyuma kabisa kwa tochi ya simu. Ukikuta gego jipya lina mistari myeusi au kashimo, mlete sasa hivi likiwa bado la kuziba tu.

Mezani kule nimeweka faili za aina zote nilizozitaja na meno ya plastiki yenye mifereji iliyopinda. Wanafunzi anzeni na ile ya zambarau, mota nimeiacha kwenye mkoba mpaka kila mmoja afikishe namba 10 mwisho wa mfereji kwa mkono.